Vitu vyangu vimo ndani ya Leaf iliyogongwa, betri imekufa, milango haifunguki: nifanye nini?

Swali: Habari fundi. Wiki mbili zilizopita lori lilinigonga Outering Road nikitoka Donholm, likaniingia kona ya mbele kushoto. Gari ni Nissan Leaf ya 2016. Mifuko ya hewa ilifumuka, nikatoka na michubuko tu, namshukuru Mungu. Brekidauni ilivuta gari hadi kituo cha polisi, halafu watu wa bima wakaagiza lihamishiwe yadi moja Industrial Area. Kwenye buti mna laptopu ya kazi, bahasha ya vyeti vya mwanangu na tembe za presha za mama. Nikibonyeza rimoti, kimya. Milango imefungwa, buti limegoma. Pale yadi mmoja anataka kuvunja kioo cha nyuma kwa mtaimbo. Mwingine ananiambia nisiguse bodi, nitarushwa na stima. Wa tatu anasema akate kwanza zile nyaya za rangi ya chungwa ili gari "life kabisa". Nimsikilize nani?

Jibu: Dada yangu, pole sana kwa yaliyokupata. Kati ya hao watatu usimsikilize hata mmoja, na huyo wa tatu mpigie simu sasa hivi umwambie aweke koleo chini, kabla hujaendelea kusoma. Nyaya za chungwa ndizo njia ya umeme mkubwa wa gari. Hazina uhusiano wowote na loki za milango. Akizikata hatakufungulia chochote, na akikosea anaweza kupoteza uhai wake.

Wengi hawajui kwamba gari la umeme lina betri mbili. Ile kubwa iko chini ya sakafu, chini ya siti. Kwa Leaf yako ni seli 192 ndani ya kasha la chuma, zenye jumla ya volti 360 hivi. Stima ya nyumbani kwako ni volti 240, kwa hiyo usiidharau. Betri ya pili ni ndogo, ya volti 12, imekaa mbele chini ya boneti, ya aina ileile iliyo kwenye Vitz au Probox. Loki, rimoti, vioo, taa, honi na kitufe cha buti, vyote vinakula kwa huyu mdogo.

Gari likiwa zima, betri kubwa ndiyo huijaza ile ndogo. Siku ya ajali, mifuko ya hewa ilipofumuka, kompyuta iliikata betri kubwa kutoka kwa gari lote, kama inavyotakiwa. Tangu hapo betri ndogo haina wa kuilisha. Kama taa za hatari ziliachwa zikimetameta usiku ule pale kituoni, nadhani iliisha hata kabla gari halijafika yadi. Kwa hiyo ukimya wa rimoti si dalili ya hatari. Ni betri ya kawaida iliyokauka, na mtu akafunga milango kabla haijakauka.

Kwa hiyo huhitaji kuliamsha gari hilo hata kidogo. Utalifungua kwa mkono.

Chukua rimoti yako, igeuze. Nyuma au pembeni ina kilachi kidogo cha plastiki. Kisukume, uvute kichwa cha rimoti, na utatoka ufunguo mwembamba wa chuma. Nimewahi kusimama yadi na mzee mmoja aliyeendesha Leaf miaka mitatu, mkononi ameshika rimoti, na tayari amekubaliana bei na kijana wa kuvunja kioo. Nilipomtolea ule ufunguo alinyamaza, akaketi juu ya tairi. Si kosa lake. Magari haya yanatujia kutoka Japani, kitabu cha maelezo ni cha Kijapani, na anayekuuzia hana habari nacho.

Ufunguo huo unaingia kwenye mlango wa dereva peke yake, na hapo una bahati, maana uligongwa kushoto na mlango wako uko kulia. Ingiza ufunguo, zungusha taratibu. Huenda ukawa mgumu kwa sababu haujawahi kutumika tangu gari litoke kiwandani. Usiulazimishe, utavunjika ndani. Pulizia dawa ya kulainisha kutu, subiri dakika chache, jaribu tena huku mtu mwingine, akiwa nje, akiusukuma mlango uingie ndani kidogo na kuuachia, kwa maana fremu ikipinda kidogo loki hubanwa. Usishtuke kwamba milango mingine imebaki imefungwa. Ufunguo wa mkono unafungua mlango mmoja tu, kwa sababu kazi ya kuifungua yote pamoja ni ya stima.

Lakini kabla hujaufikisha ufunguo mlangoni kuna jambo ambalo ningependa usome mara mbili.

Betri ya lithiamu iliyoumia inaweza kukaa kimya siku nyingi, kisha ikashika moto. Mwaka 2011 kule Marekani, Chevrolet Volt iliyokuwa imefanyiwa jaribio la kugongwa ubavuni iliwaka ikiwa imeegeshwa tu, wiki tatu baada ya jaribio. Wiki tatu, dada. Wewe una mbili. Sisemi haya nikutishe, kwa sababu Leaf nyingi zilizogongwa nilizozifungua betri zake zilikuwa nzima kabisa. Nasema ili ujue kwa nini nakuomba usimame kwanza kama mita kumi, upande unakotoka upepo, uangalie na kunusa kabla ya kusogea.

Nusa harufu tamu kali, ya kukwaruza koo, kama ile dawa ya kutolea rangi ya kucha. Sikiliza mlio wa kufuka kama sufuria ya presha, au mapigo madogo ya kupasuka chini ya gari. Tazama moshi, hata mwembamba, hata mweupe unaoonekana kama mvuke. Kisha inama ukiwa mbali uangalie tumbo la gari. Kasha la betri ni bamba bapa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Likiwa limebonyea, limechanika au limevimba, hesabu kwamba betri imeumia hata kama hunusi kitu. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji, inapozwa kwa hewa, kwa hiyo majimaji yanayodondoka katikati ya tumbo la gari si ya kawaida. Yakidondoka mbele kwenye kona iliyogongwa, hayo huenda ni ya rejeta tu, maana mota yake ndiyo inayopozwa kwa maji.

Ukikuta dalili moja tu kati ya hizo, rudi nyuma. Laptopu itangoja. Mwambie mwenye yadi asogeze magari mengine. Miongozo ya waokoaji hutaka gari la namna hiyo liwe mbali na magari na majengo kama mita 15. Kukiwa na moshi piga 999 au 112, na uwaambie waziwazi kwamba ni gari la umeme, kwa sababu moto wake hauzimwi kwa kizimamoto kile cha nyekundu cha kwenye gari. Mwongozo wa Tesla kwa wazima moto unataja maji kuanzia takriban lita 11,000 kwa gari moja. Hebu fikiria ni mitungi mingapi.

Niliwahi kuondoka nikaacha pasipoti ya mtu ndani ya gari. Mwenyewe alikuwa na safari, alinikasirikia hadharani, na akasema mimi ni mwoga. Harufu ilikuwepo, hafifu, inakuja na kupotea. Tulirudi siku ya nne harufu imekwisha, tukamfungulia upande ulio mbali na pale palipobonyea, akaingiza mkono akachukua pasipoti tukaondoka. Safari aliipata kwa kuahirisha. Hadi leo ningefanya vilevile.

Sasa kuhusu yule aliyekuambia utarushwa na stima ukigusa bodi. Ana nia njema, na woga wake unatoka kwenye jambo la kweli, ila hajui gari lilivyoundwa. Kwenye gari la petroli, ncha hasi ya betri imefungwa kwenye bodi. Betri kubwa ya gari la umeme haikufungwa hivyo: ncha zake zote mbili zimetengwa na bodi. Ili stima ikurushe inahitaji njia ya kutokea na njia ya kurudia, na bodi peke yake si njia hata moja. Hata waya mmoja wa chungwa ukichubuka na kugusa bodi, bado mzunguko haujakamilika. Ndiyo maana mvua ikilinyeshea gari hilo pale yadi, mtu akiligusa hapati chochote. Zaidi ya hayo, gari likizimwa au likigongwa kwa nguvu, swichi kubwa zilizo ndani ya kasha la betri hukata njia na umeme hubaki ndani ya kasha.

Kinachobaki cha kuogopa ni pale palipochanika. Kona yako ya mbele kushoto iko karibu na mota na vifaa vya umeme mkubwa. Usiingize mkono pale kutafuta chochote, hata kama ni kofia ya gurudumu au namba ya gari iliyong'oka. Usiguse kitu chochote cha chungwa, popote, hata kikionekana kimekatika na kufa. Mlango wa dereva, siti na buti ni mbali na hapo.

Gari lililozama ni habari nyingine. Tuliyaona mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hapa Nairobi na Athi River. Gari la umeme lililolala majini, maji yakapenya ndani ya kasha, linaweza kuleta shoti siku nyingi baada ya kukauka. La namna hiyo usilifungue mwenyewe. Lako halikuzama, tuendelee.

Mlango wa dereva ukifunguka, usiketi kwenye siti na usibonyeze kitufe cha kuwashia gari, hata kwa kujaribu tu. Inama ukiwa nje, unyooshe mkono nyuma ya siti, ufungue loki ya mlango wa nyuma kulia. Kila mlango una kitufe chake cha mkono karibu na mkono wa ndani, hakihitaji stima. Kuanzia hapo fanya kazi kupitia mlango wa nyuma. Kisa ni mifuko ya hewa. Uliposema ilifumuka nadhani ni ile ya mbele, lakini ya ubavuni mwa siti na ya pazia juu ya madirisha huenda haijafumuka. Bila stima haina nguvu ya kufumuka, na betri yako imekaa mfu siku nyingi, kwa hiyo hatari ni ndogo. Hata hivyo usichokoe nguzo za madirisha kwa bisibisi wala mtaimbo, na usikate siti. Ndani ya nguzo na paa mna mitungi ya gesi iliyobanwa.

Buti la Leaf yako linafunguliwa kwa kitufe cha stima, kwa hiyo kutokea nje utahangaika bure. Pitia ndani. Migongo ya siti za nyuma imegawanyika vipande viwili. Juu ya kila kipande, upande wa dirisha, kuna kilachi cha kuvuta au kubonyeza. Laza kile kikubwa, na mbele yako utaona buti lote. Laptopu na bahasha vikiwa vimesukumwa hadi mwisho, tumia fimbo ya ufagio au hanga ya nguo. Kwa Leaf za zamani za 2011 na 2012 ungekuta nundu kubwa nyuma ya siti, maana chaja ilikuwa imewekwa hapo. Yako ya 2016 haina, chaja ilihamishiwa mbele, utapita vizuri.

Ukitaka kulifungua buti lenyewe kwa sababu ya mzigo mkubwa, angalia upande wa ndani wa mlango wa buti, chini katikati. Pana kifuniko kidogo cha plastiki. Kibandue kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa, ndani utaona kiwiko kidogo. Kisogeze, na buti litaachia. Mwenye mwili mdogo ndiye wa kutambaa humo. Mtoto asiwe ndiye huyo.

Utaniuliza, kwa nini usiweke tu stima kidogo kwenye betri ndogo rimoti ifanye kazi? Ni swali zuri na mafundi wengi ndivyo wanavyofanya. Mimi kwa gari lililogongwa hivi naliweka mwisho kabisa. Ukirudisha volti 12 unaziamsha kompyuta zote, ikiwemo ile ya mifuko ya hewa, huku nyaya za kona ya mbele zimechanika na hujui ipi imegusana na ipi. Unaweza kuanzisha shoti kwenye waya mdogo ukaunguza gari lililokuwa limetulia. Na boneti yenyewe huenda imekunjika, kwa hiyo kuifikia hiyo betri ni kuingiza mikono palepale nilipokukataza. Kama hakuna njia nyingine, afanye fundi anayeyajua magari ya umeme, hakuna mtu ndani ya gari, aunganishe kwa muda wa kufungua loki tu, kisha aondoe. Akaribie akiwa amevua saa na pete.

Kuna magari ambayo njia hiyo ndiyo peke yake. Tesla Model 3, kwa mfano, haina tundu la ufunguo popote. Kwake wameacha nyaya mbili nyuma ya kifuniko kidogo cha ndoano ya kuvutia kwenye bampa ya mbele. Ukizipa volti 12 kutoka nje, boneti ya mbele inaachia, ndipo unapoifikia betri ndogo. Jirani yako akiwa na gari la umeme la aina nyingine, mwambie leo, gari likiwa zima, atafute ufunguo wa chuma ndani ya rimoti na tundu lake mlangoni. Mara nyingi tundu hufichwa chini ya kifuniko cha kitasa.

Na mtaimbo? Kioo kinavunjwa pale mlango wa dereva umekunjika na hakuna njia nyingine. Wakati huo hakivunjwi kioo cha nyuma cha buti, ambacho ni ghali, kina nyaya za kuondolea ukungu na kitamwaga vigae juu ya vitu vyako vyote. Huchaguliwa dirisha la mlango wa nyuma, linabandikwa karatasi ya gundi kwanza, linagongwa kwenye kona kwa chombo chenye ncha, mvunjaji akiwa na glavu na miwani. Na havunji mtu kabla ya bima kukubali kwa maandishi. Gari lako likihesabiwa kuwa halitengenezeki, mabaki yake yatauzwa, na kila uharibifu ulioongezwa baada ya mkadiriaji kulipiga picha ni ugomvi utakaoletewa wewe.

Hapo ndipo nifike kwenye karatasi, kwa sababu nimeona watu wakizuiwa langoni na ufunguo mkononi. Piga simu bima kwanza, waambie unataka kutoa vitu vyako binafsi, na wao waiandikie yadi ujumbe mfupi wa kukuruhusu. Kama polisi bado wanachunguza, hasa ikiwa mtu mwingine aliumia, afisa anayeshughulikia kesi lazima akubali, maana gari lenyewe linaweza kuwa ushahidi. Nenda na kitambulisho, nakala ya logibuku, namba ya OB (ile ya kitabu cha matukio cha polisi) na nakala ya abstrakti ya polisi. Piga picha kabla ya kufungua, andika kila unachokitoa, mfanyakazi wa yadi na wewe mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala yake. Fanya haya kabla ya kusaini ile hati ya malipo ya mwisho ya bima, kwa sababu baada ya hapo gari si lako tena na linaweza kuhama yadi siku yoyote. Nenda asubuhi, kukiwa na mwanga, na uende na mtu.

Ukiwa ndani usisahau vitu ambavyo kila mtu husahau: waya wa kuchajia ulio kwenye mfuko wake, ambao kuununua upya ni pesa nyingi, kadi ya kumbukumbu ya kamera ya dashibodi, ambayo huenda ndiyo itakayosema kweli kuhusu lile lori, na chochote kilichoteleza chini ya siti. Simu yako iliyokuwa imeunganishwa na redio imeacha majina na namba za watu ndani. Hutaweza kuyafuta bila stima, kwa hiyo waandikie bima wayafute kabla ya kuuza.

Tembe za mama usimpe. Zimekaa wiki mbili ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Industrial Area, na dawa nyingi za presha hazitakiwi kukaa kwenye joto hilo. Zirudishe duka la dawa, mnunulie nyingine leo, usingoje siku ya kwenda yadi. Na siku hiyo ukimaliza, funga mlango wa dereva kwa ufunguo uleule wa chuma, uurudishe ndani ya rimoti, kwa sababu bima watakudai rimoti ikiwa kamili.